Kwikwi Katika Jina la Mwenye Mji

Mtu huanzia wapi? Wapo wasemao huanzia tumboni mwa mama yake, na wapo wasemao huanzia kinywani mwa anayemwita. Katika mji huu, usio na jina kwa kuwa hakuna aliyepata kusimama nje yake akauita, kauli ya pili ndiyo iliyoshinda. Hapa mtu huwa mtu kwa kutajwa. Mara moja kwa mwaka, au kwa kile wanachokiita mwaka, maana kalenda za mji huu hazisalimiani, watu wote hukusanyika uwanjani na selo kubwa ya mji, ala ya nyuzi nne ipigwayo kwa uta, ikawataja mmoja mmoja. Kila mtu ana pahali pake kwenye uzi. Mpigaji akibonyeza pahali hapo na kuuburuta uta, mbao hutamka jina, mwenye jina huitika, na mwaka wake huanza. Asiyetajwa hauawi. Mji una adabu zake bwana. Asiyetajwa husahauliwa tu, na kusahauliwa hakuna damu wala makelele.

Asubuhi ya siku ya kutajwa, kama ilikuwa asubuhi yenyewe na si ile ya jana iliyosahau kuondoka, Kidawa alikuwa amechutama karakanani mbele ya mumewe akimkanda magoti kwa kitambaa cha maji moto. Kidawa ndiye fundi wa ile selo, yeye peke yake. Mumewe, Machano, ndiye mpigaji. Magoti ya Machano yalikuwa yamevimba, yana rangi ya zambarau, na kila kitambaa kilipoyagusa alifumba macho akajifanya anakumbuka jambo.

"Hebu bana," Kidawa alimwambia, akamwekea stuli katikati ya magoti.

Machano akabana. Stuli ikateleza, ikaanguka, ikabiringika mpaka mlangoni.

"Maji yamezidi unga, mke wangu," alisema Machano.

Kidawa aliiokota stuli akaifuta vumbi, ingawa haikuwa na vumbi, kwa sababu mikono inayoogopa hutafuta kazi.

Lazima nieleze habari ya magoti, la sivyo msomaji atadhani tunazungumzia baridi yabisi. Selo ile ina kasoro moja. Ukipita juu ya uzi wa tatu ukafika pahali pa Mwenye Mji, sauti haitoki moja kwa moja. Inashikwa na kwikwi. Badala ya jina kutoka zima, linakatika, linameza mate, linaanza tena, linakatika. Na jina la Mwenye Mji si jina la kukatikakatika. Dawa pekee aliyoijua Machano ilikuwa kuzibana mbavu za selo kwa magoti, kwa nguvu zake zote, pale pale kidole kinapofika, mpaka mbao ikose pumzi ya kukwama. Watu walimwona amefumba macho wakasema ametekwa na muziki. Alikuwa amebana. Mwaka hata mwaka alikuwa anabana, na leo magoti yamekataa.

"Hodi hapa!"

"Karibu."

Aliyeingia alikuwa Haroub, Karani wa Majina, kijana nadhifu mwenye kalamu sikioni na daftari kubwa kwapani. Alivua viatu mlangoni, akavipanga, akaviangalia kama vimepangika.

"Shikamoo Bi Kidawa. Shikamoo Bwana Machano."

"Marahaba. Za huko?"

"Za huko njema, ila nimetumwa." Haroub alijikohoza. "Mwenye Mji anasema mwaka jana alisikia kitu ndani ya jina lake. Kidogo tu, kama punje ya mchanga ndani ya wali. Anauliza kama na mwaka huu atatafuna mchanga."

"Mwambie hapana," alisema Kidawa kabla Machano hajafungua kinywa.

"Nitamwambia. Jua likifika juu ya mlingoti tunaanza. Jina lake likitoka zima, kila mtu atakwenda kula pilau kwake. Likikwama..." Karani akaitoa kalamu sikioni, akaitazama kwa huruma kama ndiyo itakayopata tabu. "Likikwama, kalamu itaruka jina la bwana wako. Mimi sina ubaya na mtu, Bi Kidawa. Mimi nafuata."

"Na yule aliyekuwa akipiga kabla ya Machano, kalamu yako ilimruka vilevile?"

Haroub alikunja uso. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anatafuta, kwa dhati kabisa, na hakupata kitu.

"Kabla ya Machano," aliuliza, "alikuwapo nani?"

Kidawa akafungua mdomo amjibu, naye akakuta hana jibu. Alijua kwamba mtu alikuwapo, kwa sababu selo haijipigi. Alijua Machano alifundishwa na mtu, kwa sababu hakuzaliwa anajua. Lakini pale palipopaswa kuwa na uso palikuwa na ukuta mweupe. Hapo ndipo hofu ilipomwingia hasa. Hakuogopa kwamba watamchukua Machano, maana hawamchukui mtu wakampeleka popote. Aliogopa kwamba kesho atamimina chai vikombe viwili, atakitazama cha pili, na atajiuliza ni cha nani. Kitanda kitakuwa kipana na hatajua kwa nini. Mtu mwenye vidole virefu atakutana naye sokoni, atampisha njia kwa heshima, na hatahisi lolote. Mwanamke mwingine huombea mumewe asife. Kidawa aliomba asiwe yeye wa kumsahau.

Haroub alitaka kukaa kidogo apoe jua. Akarudi nyuma hatua mbili, akakaa juu ya sanduku la maranda.

"Kaa tu," sauti ikasema kutoka chini yake. "Nimeshazoea."

Karani hakusikia. Alikaa, akapunga hewa kwa daftari, akainuka, akavaa viatu vyake, akaenda zake. Kidawa alimsindikiza Machano chumba cha ndani akanyooshe miguu, akarudi karakanani, na hapo ndipo alipomwona mtu ameketi juu ya sanduku akijinyoosha kanzu iliyokunjika.

"Wewe ni nani? Umeingia saa ngapi?"

"Niliingia jana," alisema yule mtu. "Umeniuliza hivyo mara nne tangu kumepambazuka, na chai hujanipa hata mara moja."

Hakuwa mzee, wala hakuwa kijana. Alikuwa na uso wa mtu unayemfahamu ukiwa umempa mgongo. Kidawa alitaka kumuuliza zaidi, lakini jua lilikuwa limeshapanda kipande kikubwa bila kuaga, na selo ilikuwa mezani imelala chali. Kazi haingoji maulizo. Alichukua kisu chembamba, akakichovya katika maji ya moto, akaanza kuifungua.

Selo hufunguliwa kwa kubembelezwa. Gundi yake ni ya ngozi ya ng'ombe iliyochemshwa, na gundi hiyo, ukiitia kisu chenye unyevu na subira, huachia bila kuvunja kitu. Walioiunda selo walijua tangu siku ya kwanza kwamba iko siku itaugua, wakaiacha na mlango. Sijui kwa nini aliyetuunda sisi hakufikiria hivyo hivyo. Kidawa alipita na kisu ubavuni, mabegani, kiunoni, na kila gundi ilipoachia ilitoa mlio mdogo, tak, na kila tak aliisikia katika mbavu zake mwenyewe. Aliwahi kumweleza Machano jambo hili, Machano akacheka. Lakini hebu tazama majina. Kile pale juu kilichojikunja kama konokono ni kichwa. Vile vigingi vinne vya mpingo vya kukazia nyuzi ni masikio. Chini yake ni shingo, kisha mabega, kisha kiuno, mbavu, mgongo wa mninga uliogawika vipande viwili, na mbele tumbo la msonobari laini, lenye matundu mawili ya kupumulia. Chini kabisa mguu mmoja wa chuma. Nani alimwiga nani? Je, watu waliitazama miili yao wakaipa selo majina, au selo ilikuwako kwanza, na sisi ni majaribio yaliyofuata ambayo hayakutoka vizuri?

Nina mgongo wa vipande viwili.

Nina tumbo lenye sauti isiyo yangu.

Au ni yangu, na mimi ndiye nisiye wake?

"Usiongee peke yako," alisema yule mtu. "Kuna watu."

Kidawa aligeuka. "Wewe ni nani?"

"Mara ya tano hiyo."

Tumbo likatoka zima mikononi mwake. Ndani ya selo kulikuwa na giza lenye harufu ya vumbi tamu, na mwanga ulipoingia Kidawa aliona vitu alivyovijua na bado akavishangaa. Aliiona boriti, mti mwembamba uliogundishwa chini ya tumbo upande wa nyuzi nene, unaobeba mzigo wote na hauonekani na mtu. Alikiona kile kijiti wanachokiita roho, kinachosimama wima kati ya tumbo na mgongo, hakina gundi wala msumari, kinashikiliwa na kubanwa tu. Sasa kilikuwa kimelala. Akaona pia, kwenye mbao ya mgongo, majina ya mafundi na wapigaji waliopita, kila mmoja ameandika lake kwa penseli. Karibu na jina la Machano palikuwa pamekwanguliwa kwa patasi, pana weupe wa jeraha bichi. Kidawa akapapasa kwa kidole. Hakukumbuka kupakwangua, ingawa patasi yake ndiyo pekee iliyopata kuingia mle.

"Unatafuta nini?" aliuliza yule mtu.

"Natafuta kwikwi inakaa wapi."

"Ligonge."

Kidawa akalinyanyua tumbo kwa vidole viwili, akalipeleka karibu na sikio, akaligonga kwa kifundo cha kidole. Likasema *mmm*. Si lazima mbao ipigwe uta ndipo iseme. Kila ubao ukiuning'iniza na kuugonga hutoa neno moja, neno lake, ulilokuja nalo kutoka msituni. Kidawa alilisikia neno hilo akaduwaa. Akagonga tena. *Mmm*. Lilikuwa pale pale. Sauti ya tumbo la selo, lisiposhikwa na mtu, lisipoamriwa na uzi, ilikuwa ni ile ile ya pahali pa Mwenye Mji.

"Umesikia?" alisema yule mtu. "Mwenye Mji huyu alipokuja mjini, alipewa selo achague pahali pake. Akapita na kidole juu ya nyuzi zote nne. Pengine pote sauti ilikuwa ya kawaida. Alipofika pale, selo ikanguruma mpaka vioo vikatetemeka, akasema, hapa ndipo pangu. Alichagua penye nguvu. Hakuuliza nguvu zile ni za nani."

"Ni za mbao."

"Ni za mbao. Sasa uzi unasema 'mimi', na mbao inasema 'mimi', kwa sauti moja, pahali pamoja, kwa wakati mmoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Huyu anavuta, huyu anavuta, sauti inakatika. Ndiyo kwikwi."

Kidawa aliketi. Kwa miaka yote aliyokuwa fundi alidhani kwikwi ni ugonjwa. Alikuwa amebadilisha nyuzi, amechonga daraja jipya la kuinulia nyuzi, ameipaka vanishi ya sandarusi mara mbili, akitafuta kosa. Kumbe hapakuwa na kosa. Palikuwa na pahali pamoja tu, katika mwili wote wa selo, ambapo mbao ilikuwa na jambo lake la kusema, na pahali hapo ndipo palipokaliwa. Je, na mimi, alijiuliza, pahali pangu pa namna hiyo ni wapi? Na nikikwama ninapoitwa, ni nani anayezungumza juu ya nani? Alihisi kichwa kinamzunguka. Akataka kulia na akataka kucheka, na hakujua kipi kitangulie.

"Naweza kuifukuza?" aliuliza.

"Kwikwi haifukuzwi. Unaweza kuihamisha."

Hapo Kidawa akamkumbuka mama yake. Mtoto mchanga akishikwa na kwikwi, mama alichomoa uzi mdogo kwenye kanga, akautia mate, akaubandika kwenye paji la uso la mtoto. Watu husema uzi ndio unaoponya. Mama yake alikuwa akisema, "Haumponyi, mwanangu. Unampa kitu kingine cha kubeba." Kidawa alicheka peke yake. Akafungua droo, akatoa kipande cha madini ya risasi, uzito wa punje mbili tatu za mahindi, na tonge la nta. Selo ilihitaji uzi wa paji la uso. Tumbo likiongezewa uzito, neno lake litashuka au litapanda kidogo, na mafahali watakutana zizi jingine.

Akalirudisha tumbo mahali pake. Gundi ilikauka kabla haijamaliza kuchemka, jambo ambalo siku nyingine lingemshangaza. Akaisimamisha ile roho kwa waya uliopinda, akaipitisha katika tundu, akaisukuma hadi ikasimama. Akaweka daraja, akakaza nyuzi. Kisha akaingiza vidole kwenye tundu la kushoto, akakibandika kile kipande cha risasi kwa nta, akashika uta, akajaribu.

Pahali pa Mwenye Mji palitoka safi. Kidawa karibu apige kigelegele. Lakini alipopanda kidogo juu yake, kwikwi ikamngoja pale. Palikuwa ni pahali pa mtoto wa jirani, aliyezaliwa wiki ile, aliyekuwa hajatajwa hata mara moja.

"Hapo hapana," alisema yule mtu.

"Naona."

Akasogeza nta. Kwikwi ikashuka, ikatua kwa Bi Mize, mjane muuza maandazi, mwanamke asiyejua kugombana na mtu hata akidhulumiwa chenji. Kidawa aliuona uso wa Bi Mize uwanjani, anaitwa, anakatika, karani anainua kalamu. Akaitoa nta kwa haraka kama imemuunguza. Angekuwa na uwezo angeiweka kwikwi kwake mwenyewe. Lakini pahali pake palikuwa kwenye uzi mwingine, mbali, na kwikwi haina miguu mirefu. Ilikuwa lazima ikae karibu na Mwenye Mji, kwa mtu fulani. Na yeye, Kidawa binti fundi, aliyekuwa hajapata kumdhuru mtu, alikuwa ameshika mkononi tonge la nta, anachagua nani akwame ili mumewe apite. Ndivyo wanavyojisikia wakubwa? Au wao hawajisikii chochote, na ndiyo maana ni wakubwa?

Akapita tena na kidole, polepole, kutoka kwa Mwenye Mji kushuka kwa Bi Mize. Katikati yao palikuwa na nafasi. Haikuwa kubwa, upana wa kidole kimoja. Machano akipiga huteleza juu yake bila kusimama, kwa sababu hakuna jina la kusimamia.

"Hapa pana nani?" Kidawa aliuliza.

Yule mtu alipuliza maranda yaliyokuwa juu ya goti lake, akapuliza tena ingawa yalikuwa yameshatoka.

"Hapo," alisema, "hapana mtu."

Kidawa akashusha pumzi. Akapasha nta moto kwa pumzi ya kinywa chake, akaisogeza upana wa ukucha, akajaribu. Mwenye Mji, safi. Bi Mize, safi. Na katikati, pale pasipo mtu, kwikwi ikajikunja ikalala. Alifurahi, akageuka amshukuru aliyemsaidia, akakuta karakana tupu na mtu asiyemfahamu ameketi juu ya sanduku la maranda.

"Wewe ni nani?"

Safari hii yule mtu hakuhesabu.

Jua lilikuwa juu ya mlingoti walipofika uwanjani, na lilikuwa limekaa hapo kwa muda, likingoja kuruhusiwa. Mji mzima ulikuwapo. Mwenye Mji aliketi kwenye kiti chenye mgongo mrefu, mwenyewe mdogo wa umbo kuliko jina lake. Haroub alisimama pembeni na daftari wazi. Machano alibebwa mabegani na wanaume wawili, akaketishwa, akapewa selo yake, akauchomeka mguu wa chuma katika ufa wa sakafu. Kidawa akasimama mbele kabisa, mahali ambapo mumewe angemwona.

"Usibane," alikuwa amemwambia njiani. "Nimeihamisha. Utateleza juu yake tu, upesi, mtu hatasikia."

"Umeipeleka kwa nani?"

"Si kwa mtu."

Machano akaweka kidole pahali pa Mwenye Mji, akavuta uta.

Jina likatoka. Lilitoka zima, pana, halina punje ya mchanga, likaenda mpaka ukuta wa mwisho wa uwanja likarudi. Mwenye Mji akaitika kwa kuinamisha kidevu. Haroub akaandika, akatabasamu, akamtazama Kidawa kama anayesema, umeona mambo yalivyo mepesi. Machano wake amepona. Kesho atamimina chai vikombe viwili, na atajua.

Lakini uta haukuwa umesimama. Machano alikuwa anateleza kushuka kwa Bi Mize, na labda maumivu yalimfanya mzito, labda mkono ulilegea kwa furaha, akakawia pale katikati kuliko alivyotaka. Selo ikashikwa.

*Si*, ilisema. *Si. Si. Si.*

Jina la Mwenye Mji lilikuwa bado hewani, na nyuma yake, wazi kabisa, mbao inasema *si*.

"Si nini?" aliuliza Mwenye Mji.

"Si yeye," mtu alinong'ona upande wa kushoto.

"Hapana, imesema sisi," alijibu mwingine. "Sikiliza. Sisi, sisi."

Watu wakaanza kubishana kwa sauti za chini, kila mmoja na alichosikia. Haroub alipekua daftari mbele na nyuma, uso unamtoka jasho, akitafuta jina ambalo halikuwamo. Na katikati ya fujo ile ndogo, kutoka nyuma kabisa ya umati, mtu mmoja akainua mkono.

"Labeka," alisema.

Wachache waligeuka. Waliona mtu, kisha wakaona kama hawakuona, wakageuka tena mbele. Lakini Kidawa alimwona. Alimwona bila kumsahau, kwa kitambo kirefu, kwa sababu selo ilikuwa ingali inatetemeka. Hakuelewa mambo yote. Hata sasa ukimuuliza hawezi kukueleza mambo yote. Alielewa moja tu, kwamba pale pasipo mtu palikuwa na mtu, amekaa naye tangu asubuhi, hajapewa chai, amemfundisha kazi, na alipoulizwa pahali pake ni pa nani alisema si pa mtu, kwa kuwa hata yeye hakuwa na hakika. Na kwamba patasi iliyolikwangua jina la mtu huyo ilikuwa yake yeye Kidawa. Aliona aibu, aibu nzito ya kumfanya mtu atake kukaa chini.

Machano alikuwa anamtazama mkewe. Uta ulikuwa umegusa uzi. Magoti yake, yale yaliyovimba, yalikuwa yameanza kukaribiana polepole pande mbili za mbavu za selo. Akibana sasa, hata kidogo, kwikwi itazimika, atafika kwa Bi Mize, karani ataendelea, na yule mtu atashusha mkono wake. Haroub alikuwa ameshainua kalamu. Mwenye Mji alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake.

Kidawa alijua bei ya kutobana. Alijua ni nani atakayerukwa: Machano.

"Jina halijaisha," alimwambia mumewe. "Rudia."

Machano alimtazama kwa muda, akahakikisha. Kisha akayafungua magoti, akaweka kidole pale pale katikati, akavuta uta taratibu, hakuteleza, hakukimbia. *Si*, selo ilisema, *si, si*, na yeye akaingoja, kama anavyongojwa mtoto anayejifunza kusema, mpaka mbao na uzi vikachoka kugombana na neno likapita.

*Silima.*

"Labeka!" yule mtu alisema tena, na mara hii mji mzima uligeuka. Bi Mize alishika mdomo akasema, "Yarabi, Silima! Silima mpigaji wetu, ulikuwa wapi?" Mtu mwingine akaanza kulia. Silima alisimama katikati yao akiguswa mabega, akipeana mikono, hajui amjibu nani.

Karani Haroub, kijana asiye na ubaya na mtu, alikuwa ameinamia daftari lake, na kalamu ilikuwa inatembea.

Kidawa alipasua umati mpaka alipoketi Machano. Alimshika uso kwa mikono miwili, akaanza kulitaja jina lake kwa sauti, moja kwa moja bila kupumua, kwa kuwa alikuwa hajui amebakiwa na muda gani wa kulijua. Machano, alisema. Machano. Machano. Machano.